Namba Tisa Hayupo

Jumatano, tarehe kumi na sita Aprili. Mvua ilianza asubuhi, ikapiga mabati mpaka saa nane, ikaacha, ikarudi ndogondogo, ile ya kuchelewesha nguo kwenye kamba. Nilikuwa mezani nachambua maharage, Amina amekaa upande wa pili na kompyuta yake, ndipo simu ikaja kutoka Bungoma kwamba Bwana Wekesa amefariki. Aliyepiga ni mwanawe. Sauti yake ni ya baba yake kabisa, nikawa kama naambiwa na marehemu mwenyewe. Nikasema pole, nikasema Mungu amlaze pema, nikarudia pole. Simu niliiweka juu ya maharage.

Amina ni mjukuu wa Mama Zaina, aliyekuwa mwenye nyumba hii ya Kyebando, Kampala. Nilikuja kupanga chumba hapa nikiwa msichana na sijaondoka tena. Ananiita haboba, yaani bibi kwa Kinubi chao, ingawa damu hatuna. Anasoma kompyuta chuoni, na leo alikuwa anaandika programu kwa lugha wanayoiita C. Sikutaka kulia mbele yake, nikamuuliza anafanya nini. Akanieleza polepole, kama mtu anayemvusha mwingine barabara: programu ikikutana na jambo lisilowezekana wakati inakimbia, kwa mfano ikiambiwa igawanye kwa sifuri, mfumo unaiua palepale. Mwalimu amewaambia kila mmoja aandike kipande chake mwenyewe cha kupokea kosa hilo, ili likitokea mfumo usiue, umwite huyo aliyeandikwa. "Sasa nimemwandika, haboba, lakini tazama maajabu yake." Akabonyeza. Kioo kikaanza kutoa mstari mmoja, uleule, chini yake uleule, chini yake tena uleule, hausimami, mpaka ukawa kama maji yanashuka ukutani. "Unaona? Anapokea kosa, anasema neno lake, halafu anarudi palepale alipoangukia. Akirudi anaanguka tena, anasema tena." Akasonya, akacheka, akaniangalia. "Haboba! Mbona unalia? Ni kazi ya chuo tu."

Nililia kwa sababu kosa hilo nilishawahi kuliona. Sisemi linalofanana nalo, nasema hilohilo. Nililiona likitoka kwa karatasi, mwaka wa sabini na saba, wakati wa serikali ya jeshi, na aliyelifanya ni huyu ambaye simu imeniambia hayuko tena duniani. Nitaandika ninavyokumbuka. Shule niliacha nikiwa sekondari mwaka wa pili, na mambo ya mashine niliyajua kwa kuyasikia yakisemwa wakati wa chai, kwa hiyo palipo na upungufu wa ufundi ni wangu, marehemu asilaumiwe. Nakato, aliyekuwa kiongozi wetu na ambaye bado yuko hai kule Mengo, nimempigia jioni hii kuhakikisha. Kuna mahali hatukubaliani. Nitapasema.

Habari za kwetu na jinsi nilivyofika Kampala naziacha. Nianze na chumba. Kilikuwa kirefu, sakafu ya mbao, madirisha upande wa uani ambako malori yalipakiwa. Ofisi yetu ilihesabu dawa za hospitali za serikali. Kila sanduku lililotoka bohari lilikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, na sisi wasichana tulizitoboa kadi hizo matundu kwa mashine zinazofanana na taipureta. Kisha kadi zilipelekwa chumba cha pili, kwa mashine kubwa, ambako palikuwa na baridi ya kutengenezwa mpaka mtu akiingia anajikumbatia. Mashine kubwa ilisoma matundu, ikachapa karatasi ndefu ya kukunjana, na kwa karatasi hiyo kila Ijumaa malori yaliondoka. Bila karatasi, dereva hakupewa sanduku hata moja, na wagonjwa wa Lira au Mbale walikaa wiki nzima wakitazama barabara. Kila msichana alikuwa na namba, na mwisho wa kila kadi aliitoboa namba yake. Mimi nilikuwa nane. Akello alikuwa tisa, kwa sababu tulianza kazi siku moja na mimi nilikuwa mbele yake mlangoni. Tulikuwa pia tunalala chumba kimoja, hapa hapa kwa Mama Zaina, kwa hiyo ofisi nzima ilituita kwa pamoja, nane-na-tisa, kama jina la mtu mmoja.

Saa nne tulikunywa chai. Sukari mwaka ule ilipatikana kwa magendo tu, basi Nakato alileta tangawizi, mwingine muhogo wa kuchoma, tukanywa chai bila sukari tukijifanya ndivyo tulivyolelewa. Vikombe vilikaa kwenye rafu ya ukuta wa nyuma. Cha Akello kilikuwa cha bati, rangi ya buluu, kimebanduka mdomoni, naye alinywea upande huohuo uliobanduka. "Wezi wa vikombe wanaogopa kukatwa," alisema. Alikuwa msemaji. Nakato, ambaye ni Muganda na Kiswahili alikisema kwa ajili yetu tuliotoka mbali, l na r akizibadilishana, alikuwa akimpigia kelele katikati ya mlio wa mashine: "Akero! Unaongea kama ledio!" Na Akello bila kuinua macho kwenye kadi: "Basi nizime, mama. Ukinizima utasikiliza nini? Kikohozi cha Kapteni?" Tukacheka tukiziba midomo, kwa sababu Kapteni alikuwa na ofisi upande wa pili wa ukuta na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao.

Kapteni aliletwa baada ya mkubwa wetu wa kiraia kutoroka nchi. Mashine hakuijua, na hakujifanya anaijua. Nataka kuwa wa haki kwake: alifika kazini kwa wakati, hakumgusa msichana yeyote, na mtoto wa Nakato alipougua alitoa gari lake kumpeleka hospitali. Lakini alikuwa na wazo moja kichwani, kwamba mahali fulani katika ofisi ile kuna mtu anayeharibu kwa makusudi. Tulimsikia kupitia ukuta akimwagiza Bwana Wekesa, mtu wa Kenya aliyeandika programu zetu: "Mimi nataka kujua nani naharibu kadi. Kila Ijumaa. Namba yake, kadi ngapi, makosa ngapi. Piga hesabu, mimi nione nani iko mbaya. Andika Kiswahili, mimi nasoma mwenyewe. Na itoke kwanza, mbele ya dawa."

"Dawa zingetangulia, Afande."

"Nani mkubwa hapa?"

Bwana Wekesa alijibu kwa sauti yake ile ndogo ambayo ukuta haukuipitisha. Alikuwa mwembamba, sweta moja mwaka mzima, na wenzake Wakenya walipokuwa wanafunga mizigo kwa sababu redio ilikuwa inawatukana kila siku, yeye alibaki. Alituita dada. Akaandika alivyoagizwa: kila Ijumaa, kabla ya orodha ya dawa, mashine ilichukua makosa ya namba moja ikayagawanya kwa kadi za namba moja, ikaenda namba mbili, na kuendelea, mpaka msichana wa mwisho.

Akello alikuwa na kaka yake askari. Mwaka ulipoanza kuharibika kwa watu wa kabila lao la kaskazini, ambao serikali iliwashuku, kaka yake hakuja kumtembelea kama kawaida yake. Madereva waliokuwa wakivuta sigara chini ya dirisha letu walisema mambo, nusunusu, "kule kambini wanatenganisha watu," na mwenzake, "nyamaza, kuna wasichana." Akello alisikia. Jumatatu iliyofuata aliamka mapema, akachukua sweta yangu ya kijani kwa sababu asubuhi ilikuwa na baridi, akasema anapanda Mbuya, kwenye makao ya jeshi, kumuulizia kaka yake getini. Nilimwambia asiende. Akasema, "Nikinyamaza mimi, nani atamuulizia? Wewe mwambie Nakato nina tumbo." Mama Zaina alimfungia muhogo kwenye kitambaa. Hakurudi jioni. Kesho yake Mama Zaina alivaa shuka zake za sikukuu akapanda Mbuya mwenyewe, maana askari wengi wa getini walikuwa wanaongea Kinubi kama yeye na alidhani watamheshimu. Walimheshimu. Walimwambia, mama, nenda nyumbani ukapike. Alirudi akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu. "Hao nimewapikia wengi," alisema. "Harusi zao nimepika mimi."

Ofisini tulifanya kazi. Kiti cha namba tisa kilikuwa wazi kati yangu na namba kumi, na hakuna aliyeweka mkoba wake juu yake. Ijumaa ilifika. Kutoka chumbani kwetu tulizoea kusikia mashine ikichapa, kama mvua ya mawe, inapiga, inapumzika, inapiga. Ilipiga namba moja, mbili, tukaihesabu kwa masikio mpaka nane, ambaye ni mimi, halafu kimya. Wekesa alitueleza baadaye: ilizitafuta kadi za namba tisa za wiki ile, ikakuta hakuna hata moja, na bado ilikuwa imeambiwa igawanye. Ikawasha taa nyekundu ikakaa. Uani dereva wa lori la kwanza alizima injini.

Kapteni aliingia kwetu, Wekesa nyuma yake. "Mashine nasimama kwa sababu gani?"

"Imekutana na sifuri, Afande," Wekesa alisema. "Namba tisa hana kadi."

"Namba tisa nani?"

Tulitazama vidole vyetu. Nakato ndiye aliyesema, kwa heshima ya Kiganda, "Akero, ssebo."

"Iko wapi?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua. Alituuliza sisi, na alisubiri, kama mtu anayesubiri jibu kweli. Halafu uso ukafunga. "Hii ni hujuma. Mashine ya serikali nasimama kwa sababu ya msichana moja. Toa yeye. Na wewe Mkenya, sikia: Ijumaa ingine isisimame. Ikisimama, mtu nakwenda na mimi Mbuya. Isisimame hata kidogo."

Siku ile Wekesa aliiruka hesabu ya wasichana, akachapa dawa peke yake, malori yakaondoka yamechelewa. Kumtoa Akello ilikuwa kazi ndogo kuliko kufunga kiatu. Kila msichana alikuwa na kadi moja ya namba yake, zote zimefungwa kwa mpira katika mtoto wa meza ya Nakato, na mashine ilizisoma hizo kwanza ili ijue imhesabu nani. Ungevuta ya tisa, basi. Mashine ingetoka nane ikaenda kumi kama vile mtu huyo hakuzaliwa.

Jumatatu saa nne Wekesa alikuja mezani kwetu na chupa yake ya chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, siyo kile cha tisa, akaanza kueleza akitumia vipande vya muhogo. "Dada zangu, makosa ni ya aina mbili. Kuna yale yanayoonekana kabla ya kuondoka, kama tairi lisilo na upepo. Na kuna ya njiani. Ya njiani ndiyo mabaya, kwa sababu umeshabeba watu. Sasa likija kosa la njiani, mashine hii ina mpokezi wake, imezaliwa naye, na mpokezi huyo anajua kazi moja tu, kufunga duka. Lakini inawezekana kumweka mpokezi wetu wenyewe mlangoni. Kosa likija linakutana na wetu, yule wa kwanza halimfikii. Shida ni kwamba mpokezi wetu hana akili yake. Anasema tutakachomwambia. Nimekuja kuwauliza aseme nini."

"Unatuuliza sisi?" Nakato alisema. "Si wewe uliyesoma?"

"Namba ni zenu, dada."

Akasema mpokezi anaweza kunyamaza, apite. Nikasikia mtu anasema hapana, na alikuwa mimi. Akasema anaweza kuandika sifuri. Nakato akakataa: "Sifuri ni mtu aliyekuja akakaa, hakufanya kazi. Akero si mvivu." Au, akasema Wekesa, tufanye alivyoagiza Kapteni. Nakato akafungua mtoto wa meza, akaweka kile kifurushi cha kadi karibu na muhogo. Mmoja wetu, jina lake naliacha, mama wa watoto wadogo, alisema tuvute tu ile kadi. "Kuvuta kadi si kumtoa yeye. Yeye ameshatoka. Sisi tuna watoto." Nasema kwa haki kwamba hakuwa mwoga kuliko sisi. Alisema kwa sauti mambo tuliyokuwa tunayawaza. Nakato hakumkaripia. Alisema tu, "Leo tisa. Ijumaa ijayo wakimchukua kumi, tunatoa kumi? Kalatasi ya Kapteni itabaki na nani, na yeye mwenyewe?" Yule mama aliichukua kadi ya tisa, akaitazama matundu yake dhidi ya mwanga wa dirisha, akairudisha kati ya nane na kumi, akafunga mpira.

Ndipo nikasema jambo langu, na niliona haya kulisema kwa sababu lilikuwa la kitoto. Shuleni mwalimu akiita majina, mtoto asipokuwapo darasa zima lilijibu kwa sauti moja: hayupo! Mwalimu hakulifuta jina. Aliita linalofuata, na kesho yake aliliita tena lilelile. Wekesa alitikisa kichwa polepole, akikubali. "Namba, hayupo, halafu anaendelea," akasema. "Hilo linatosha. Mpokezi hapaswi kuwa na maneno mengi."

Ijumaa ile nyingine hatukutoboa, tulikaa mikono juu ya vitufe. Mashine ikaanza. Saba. Nane. Ikapumzika pumzi moja, ikapiga. Nakato akafumba macho akasema kwa Kiganda, asante Mungu. Ikapiga tena. Ikapiga tena, mapigo yaleyale, urefu uleule, bila kupumzika, na kabla hatujaona chochote tulishajua kwa masikio kwamba ni maneno mamoja yanarudiwa. Tulikimbilia mlangoni. Karatasi ilikuwa inatoka kama nguo inayovutwa kutoka sandukuni, imejaza kikapu, inamwagika sakafuni, mkunjo juu ya mkunjo, na kila mstari umeandikwa 09 HAYUPO, 09 HAYUPO, 09 HAYUPO. Wekesa alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. "Inarudi palepale," alituambia. "Nilimwambia mpokezi akimaliza arudi. Amerudi kwenye kugawanya. Inagawanya tena, inaanguka tena." Hapa ndipo Nakato na mimi tunapoachana. Yeye anasema, na leo kwenye simu amesema tena, kwamba Wekesa alifanya makusudi, na alikuwa anatabasamu. Mimi nilimwona jasho kwenye paji la uso katika chumba kile cha baridi, na naamini alikosea kama Amina alivyokosea leo. Nakato alikuwa upande wake mmoja na mimi mwingine. Siwezi kuapa.

Kapteni alikuja na fimbo yake. Karatasi ilikuwa imefika mlangoni. Aliinama akaokota mkunjo mmoja, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata: "Tisa, hayupo. Tisa, hayupo. Tisa…" Midomo iliendelea baada ya sauti kuacha. Halafu: "Simamisha!"

"Uliagiza isisimame, Afande," Wekesa alisema. "Ulisema hata kidogo."

Mashine ilizidi kupiga. Karatasi ikagusa viatu vya Kapteni, ikajikunja juu yake. Nyuma yangu mtu alicheka, mara moja, kwa pua, akajizuia. Alikuwa yule mama wa watoto. Kapteni alisikia. Alimwonyesha Wekesa kwa fimbo aizime, na ilipozimwa, masikio yetu yaliendelea kuisikia. "Nyote kwa viti," akasema.

Aliingia na karatasi mkononi, inaburuta nyuma yake. "Hii neno nani natoa? Hayupo, hii ni neno ya kutafuta mtu. Mtu nasoma, nauliza: iko wapi? Hapana. Andika: ameacha kazi." Akaja mpaka kwenye meza yangu. "Wewe namba nane. Wewe nalala nyumba moja na yeye. Sema hapa, wote wasikie. Yeye naacha kazi."

Mimi si mtu jasiri na sikuwa jasiri hata siku ile. Lakini nilikuwa nimetazama rafu, na kile kikombe kilikuwa pale, na niliona kwamba nikisema ameacha kazi itabidi nikitoe. Nikasema, "Hakuacha, Afande. Kikombe chake kile pale."

"Kikombe si mtu."

"Ndiyo, Afande. Ndiyo maana tumeandika hayupo."

"Iko wapi basi?"

"Hatujui. Tungejua, mashine ingeandika alipo."

Nakato alisimama. "Hakuacha, ssebo." Namba nne akasimama, na wa sita, na wengine, si wote kwa pamoja, wengine walitazama mlango kwanza, na wa mwisho kabisa alikuwa yule mama wa watoto. Hakuacha. Hakuacha. Hatukupaza sauti. Ilikuwa kama watu wanaoulizwa saa. Kisha Wekesa kutoka mlangoni: "Afande, kosa la kurudi ni langu, nitalirekebisha sasa hivi. Hilo neno halina kosa."

Kapteni alitutazama mmoja mmoja, na jicho lake lilipita kwenye kiti kilicho wazi kama lilivyopita kwetu, likakaa hapo kidogo. Alichana ule mkunjo wake, akaukunja mdogo, kingo kwa kingo, akautia mfukoni mwa shati. "Mara moja," alimwambia Wekesa. "Neno yenu naandika mara moja, halafu kwenda mbele. Dawa nangoja." Akatoka. Kwa nini, sijui. Nakato anasema aliogopa kuchekwa. Mama Zaina alisema hata yeye ana mama mahali fulani. Sitaki kumpa wema ambao sikuuona, wala kumnyima ule niliouona. Mfuko ule ulikuwa upande wa moyo, lakini shati za jeshi zote mfuko uko upande huo.

Wekesa alimwambia mpokezi, ukimaliza usirudi ulipoangukia, nenda namba kumi. Malori yaliondoka kabla ya jua kuzama. Na kila Ijumaa, mwaka ule wote, karatasi ya Kapteni ilitoka na mstari wake mmoja, 09 HAYUPO, na kazi ikaendelea. Mwisho wa mwaka Wekesa alirudi kwao na begi moja. Kapteni aliondolewa, hatukuambiwa alipelekwa wapi. Akello hajaonekana mpaka siku ninayoandika, wala kaka yake. Leo nimemsimulia Amina yote haya, naye akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo alimrukisha mpaka namba kumi?" Akageukia kompyuta yake, akaweka alama mahali salama, mapema, kabla ya kugawanya, ili programu ikianguka iinukie hapo. Mstari ukatoka mara moja, programu ikafika mwisho wake. Akafurahi. Mimi nilikuwa nawaza kwamba kuandika huku kwangu ni ule ugonjwa wa kwanza, narudi palepale nilipoangukia, nasema neno lilelile. Inawezekana. Basi wacha nirudi. Wale waliotaka lisisemwe hata mara moja walikuwa wengi kuliko sisi.

Karatasi ya Ijumaa ile haikutupwa. Karatasi ilikuwa adimu mjini, tuligawana mikunjo tukaibeba nyumbani kwapani, na kwa wiki kadhaa wauza njugu wa Kyebando walifungia watu njugu katika koni za karatasi zilizoandikwa 09 HAYUPO, na watu wakauliza tisa ni nani. Fungu langu nilimletea Mama Zaina. Alijua kusoma herufi za Kiarabu tu. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akauliza umesemaje, nikamsomea. Akashusha kidole. "Na hapa?" Hilohilo, mama. "Na hapa?" Hilohilo. "Mpaka chini kabisa?" Mpaka chini kabisa. Akaitandika mkekani badala ya kitambaa cha chakula, akailainisha kwa viganja. Jioni ile tulikula samaki, ngege wa kukaanga, na muhogo wa kuchemsha, bila chumvi, na miiba Mama Zaina alituwekea sharti tuiweke pembeni, kwenye ukingo wa karatasi wenye matundu, isiguse maandishi.